Jimu Inayosikika Kwenye Daladala

Leo mazungumzo yetu ni ya biashara, na biashara yenyewe ni ya jasho.

Pita mtaa wowote wa Dar es Salaam wenye ukumbi wa mazoezi, uwe Sinza, Buguruni au Mbagala, aghalabu utakuta ukutani kachorwa mwanamume. Hana shati. Mabega yamejaa, tumbo limegawanyika vipande, mishipa ya shingo imesimama utadhani anadai deni. Mchoraji kalipwa chake, mwenye jimu karidhika, tangazo limeishia hapo. Sasa mfikirie mama wa miaka 45 ambaye daktari kamweleza kwamba presha imeanza kupanda na mazoezi hayaepukiki. Anapita mbele ya ukuta ule kila akienda sokoni. Anamtazama yule bwana wa rangi ya mafuta, anajitazama mwenyewe, anaendelea na safari yake.

Mteja mpya wa jimu, yule mpya kweli, hayuko kwenye jimu ya jirani akisubiri kunyang'anywa. Yuko nje. Ana sababu ya kuja, mara nyingi hata hela ya kuja anayo, na kinachomzuia ni haya. Anaogopa kutazamwa. Anaogopa kukalia mashine kinyumenyume vijana wakacheka. Picha, hata ingekuwa nzuri namna gani, inamwongezea hofu, maana picha ya mazoezi siku zote ni picha ya mwili, na mwili ndio anaogombana nao. Sauti haimwonyeshi mwili wa mtu. Kwa hiyo mimi nasema mwenye jimu apunguze kidogo kupiga picha wanaonyanyua vyuma, aanze kurekodi podikasti: kipindi kifupi cha mazungumzo, kinawekwa mtandaoni, na mtu anakifungua kwenye simu yake saa anayoitaka yeye.

Mimi ni mtu wa redio, na hapa nawapigia debe washindani wetu, nalijua hilo. Lakini tangazo la redio linasikika mkoa mzima na linalipiwa mkoa mzima, ilhali wateja wa jimu wanatoka umbali wa kutembea kwa miguu, au wa nauli ya daladala moja. Hakuna mtu atakayetoka Kigamboni kila jioni kwenda kufanya mazoezi Mwenge, hata tangazo liwe tamu kiasi gani.

Wazo la kuvuta wateja wa mazoezi kupitia hewani si la juzi. Mwaka 1936, mjini Oakland, jimbo la California, kijana aitwaye Jack LaLanne alifungua jimu yake. Siku zile madaktari wa huko walikuwa wakiwaonya watu wasimsogelee. Walisema kunyanyua vyuma kutawaletea ugonjwa wa moyo, na wanawake watageuka kuwa na miili ya kiume. Alipambana hivyo miaka mingi. Ilipofika 1951, mwaka uleule ambao kwetu huku redio ya Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika, LaLanne alinunua muda wa robo saa kwa hela yake mwenyewe kwenye kituo kimoja cha televisheni cha San Francisco, asubuhi, kwa lengo la kuitangaza jimu yake.

Najua mtanikumbusha kwamba hiyo ilikuwa televisheni, si sauti. Sikieni lakini alivyoitumia. Hakuwaonyesha watu mashine za jimu. Alichukua kiti, kiti cha kawaida cha mezani, akawafundisha akina mama waliobaki nyumbani namna ya kukitumia kuimarisha miguu na tumbo. Alizungumza na mama mmoja mmoja, utadhani amekaa naye jikoni. Na alikuwa na mbwa mkubwa mweupe, jina lake Happy, aliyewekwa pale kwa hesabu: mtoto ataona mbwa, ataganda mbele ya televisheni, kisha atamwita mama. Kipindi kilianza kuonekana nchi nzima mwaka 1959 na kiliendelea hadi miaka ya 1980. Nyumba za mazoezi zenye jina lake zikaenea Marekani. Mtu aliyekuwa akiogopa mlango wa jimu alikuwa ameshafanya mazoezi na mwenye jimu, sebuleni kwake, kwa miezi, kabla hajatoa hata senti.

Kabla ya LaLanne kulikuwa na watu wa bima. Kampuni ya Metropolitan Life ya New York ilirusha mazoezi ya asubuhi redioni kuanzia 1925. Hesabu yao haikuwa ngumu: mwenye bima ya maisha akiishi miaka mingi, analipa michango mingi. Wajapani wakaliona jambo hilo, wakarudi nalo kwao, na mwaka 1928 idara ya bima ya posta ikaanzisha mazoezi ya redio yajulikanayo kama Radio Taiso, piano ikipigwa na sauti ikihesabu moja hadi nane. Mpaka leo shirika la utangazaji la NHK linayarusha. Watoto wa huko, shule zikifungwa kiangazi, huamka mapema kuyafanya na kugongewa mhuri kwenye kadi. Faida ya bima ilikuja baadaye. Kwanza ilikuja faida ya msikilizaji.

Turudi nyumbani. Nimesikiliza podikasti kadhaa za mazoezi za vijana wetu. Wana juhudi, wana vipaza sauti vya bei, na wengi wao huanza hivi: "Mambo vipi watu wangu wa nguvu! Hii ndiyo podikasti namba moja ya tizi Bongo nzima, na leo tunazama ndani kabisa kwenye haipatrofi!" Yule mama wa sokoni ameshazima. Hana habari na haipatrofi, yaani kukuza misuli. Anayejua haipatrofi tayari analipa ada mahali. Kosa ni kwamba walimu wa mazoezi wanazungumza ili walimu wenzao wawasifu, na hao hawatanunua hata kiingilio cha siku.

Ningekuwa mimi ndiye mwalimu, kipindi cha kwanza ningekianza hivi: "Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Kama hujawahi kuingia jimu, leo nakutembeza. Ukifika getini kuna mlinzi, atakuomba uandike jina. Usitishike na daftari, ni la usalama tu. Ukiingia, kulia kuna mashine nne za kukimbilia, moja mbovu, fundi anakuja wiki ijayo. Mbele kuna vyuma. Huko leo hutakwenda. Bafu la wanawake liko nyuma, na mlango wake una komeo linalofungwa kwa ndani." Basi. Hilo komeo, ndugu msikilizaji, linaweza kuleta wateja kuliko mashine ya milioni kumi. Na ile mashine mbovu iliyotajwa waziwazi ndiyo inayomfanya mtu aamini habari ya komeo.

Maswali ya mtu mwenye haya yanajulikana, ila hayaulizwi kaunta. Nivae nini? Naweza kuja na baibui langu na hijabu? Kuna saa za wanawake peke yao? Nikianza nikaacha, mtanisema? Nikinyanyua chuma nitakuwa na mikono ya kiume? Hili la mwisho lilimsumbua LaLanne tangu 1936 na bado linatembea mitaani kwetu. Jibu lake halihitaji profesa: homoni inayojenga misuli mikubwa ya kiume kwa mwanamke ni kidogo sana, na wale wanawake wenye miili mikubwa ya mashindano wameifanyia kazi miaka. Mueleze hivyo, kwa upole, usimcheke.

Kuna swali jingine ambalo peke yake linastahili kipindi kizima, maana ndilo linalofukuza watu wengi baada ya siku ya kwanza. Mtu kaja Jumatatu, kafanya mazoezi, kafurahi. Jumanne anaamka kakakamaa, Jumatano hata kukaa chooni ni shida. Anajiambia ameumia. Anameza dawa ya maumivu, harudi tena, na ada ya mwezi imekwenda. Kumbe maumivu ya misuli kwa mtu anayeanza hufika kileleni kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi, kisha hutulia yenyewe. Mwalimu akilisema hili mapema, kwa sauti iliyotulia, na akamweleza pia maumivu ya aina gani si ya kawaida na yanahitaji daktari, yaani ya kifua, ya kiungo kuvimba, ya mkono kufa ganzi, amemwokoa mteja ambaye angempoteza bila kujua kwa nini.

Halafu lipo suala la kiasi. Wengi wanaamini jimu ni ya kila siku, saa mbili, la sivyo ni bure. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Dakika 150 ukizigawa kwa siku tano ni nusu saa, tena kutembea kwa haraka kumo. Mwenye jimu atasema, sasa nikiwaambia watembee si watabaki nyumbani? Wengine watabaki. Lakini mtu aliyeambiwa ukweli usiomfaidi msemaji ndiye anayekuja kwa zile siku mbili za vyuma.

Kwetu huku mwaka una mapigo yake, na podikasti iyafuate hayo. Januari, ambayo majimu ya Ulaya huvuna, mzazi wa Dar ana ada za shule na sare. Usimpigie kelele za mwaka mpya, mwache apumue. Mwezi wa Ramadhani zungumza na waliofunga: zoezi jepesi karibu na futari, au baada ya tarawehe, na namna ya kurudisha maji mwilini kabla ya daku. Ukaribiapo msimu wa harusi, maharusi na wanakamati wote wanataka kuingia kwenye nguo zilizokwisha kushonwa. Kipindi cha dakika kumi na tano juu ya hilo, chenye ukweli kwamba wiki mbili hazitoshi, kitasambazwa kwenye kundi la sendofu kabla hujakimaliza.

Wageni nao. Naona podikasti zetu zinakimbilia wasanii na wachezaji mpira. Msanii akija, mashabiki wake wa Mwanza, Mombasa na Muscat watasikiliza, na hakuna atakayelipa ada Sinza. Mwite mama ntilie wa kona ileile. Muulize wateja wake wanakula ugali kiasi gani mchana, na ikiwa anaweza kupima sahani ya mtu anayepunguza uzito bila kumdhalilisha mbele ya wenzake. Mwite muuguzi wa zahanati ya mtaa aeleze kile kipimo cha presha, namba ya juu na namba ya chini maana yake nini. Mwite bodaboda mwenye mgongo unaouma kwa kukaa juu ya pikipiki kutwa nzima. Bodaboda ana kijiwe, kijiwe kina kundi la WhatsApp, na akisikika sauti yake itafika humo usiku uleule kwa mbwembwe zote: "Jamani nimeongea!" Muuguzi ana kanisa na kwaya. Mama ntilie anajulikana na mtaa mzima. Mgeni wa jirani anakuja na majirani, na majirani ndio wenye miguu ya kufika.

Sasa mambo ya ufundi, ambayo sitayakalia sana. Usirekodi ndani ya ukumbi wenyewe. Vioo, vigae na bati vinarudisha sauti, na chuma kikiangushwa kila mtu ataruka kwenye daladala. Ingia stoo yanakohifadhiwa magodoro ya mazoezi. Yasimamishe ukutani pande mbili, tundika khanga au blanketi mlangoni, zima feni, kaa. Simu ya kawaida iwe karibu shubiri moja na mdomo, kidogo pembeni ili pumzi isiipulize. Utatoka umelowa kuliko waliokuwa wakikimbia, lakini sauti itakuwa safi. Kipaza sauti cha bei utanunua baadaye, ukishajua kwamba una la kusema.

Urefu uwe safari moja ya daladala yenye foleni ya wastani, robo saa hadi dakika ishirini. Na uzito wa faili uuangalie, maana msikilizaji wako anahesabu bando. Mazungumzo ya robo saa yaliyohifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde yanatosha kwa sauti ya mtu, na yana megabaiti kama 7 tu. Video ya muda huohuo itakula mara nyingi zaidi ya hapo. Kwenye podikasti yako liseme hilo: "Kipindi hiki hakitamaliza bando lako." Ni sentensi ya kibiashara kabisa.

Kuhusu wapi pa kukiweka, watu wanababaika bure. Faili linakaa mahali pamoja kwenye mtandao, halafu programu mbalimbali zinalichukua kutoka hapo: Apple, ambayo ilianza kubeba podikasti mwaka 2005, Spotify, iliyoingia Tanzania na nchi nyingi za Afrika mwaka 2021, na YouTube. Usimfungamanishe msikilizaji na programu moja. Google ilikuwa na yake ya podikasti, ikaifunga mwaka 2024. Ila niseme wazi: hakuna mtu wa Manzese atakayefungua Spotify akatafuta jimu. Kipindi kitamfikia kwa WhatsApp, kikitumwa na mtu anayemjua. Kwa hiyo kila kipindi kikatie kipande cha dakika moja, kile chenye swali lililochoma zaidi, kitumwe kwenye makundi ya wanachama wako na kwenye stetasi za walimu wako, kikifuatwa na kiungo cha kipindi kizima. Mwanachama aliyefurahi ndiye msambazaji. Asiyefurahi hatasambaza, na kumpa fulana ya bure hakutabadilisha kitu.

Sheria zipo, msidhani hili ni pori. Muziki kwanza. Kila mtu anataka kuanza kipindi na kibao cha bongo fleva kilichoko juu wiki hii. Wimbo una mwenyewe. Hata kama jimu inalipia leseni ya kupiga muziki ukumbini, ruhusa hiyo si ruhusa ya kuubandika wimbo kwenye kipindi kitakachokaa mtandaoni miaka. Mtafute kijana wa mtaani mwenye ngoma au gitaa akupigie sekunde kumi, mlipane, mwandikiane. Pili, Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, na zimekwisha kubadilishwa zaidi ya mara moja. Kabla hujaanza, nenda Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, uulize aina ya kipindi chako inahitaji nini; usitegemee alichokuambia rafiki aliyeanza zamani. Tatu, hadithi za wateja. Mama akikusimulia kwamba alikuwa na kilo 110 na sukari, hiyo ni taarifa ya afya yake, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Omba ridhaa kwa maandishi, mwambie kwamba sauti ikishatoka haikusanyiki tena, mpe nafasi ya kusikiliza kabla haijatoka. Mtaani kwetu mtu anatambulika kwa kikohozi tu.

Na nisisahau walimu wa mazoezi wanaogeuka madaktari. Ukishika kipaza sauti unajisikia unajua. Hapo ndipo zinapoanza juisi za kusafisha figo na unga wa kukata kitambi kwa siku saba. Mwenye jimu, usikubali. Siku msikilizaji mmoja atakapoacha dawa zake za sukari kwa sababu ya kipindi chako, hutakuwa na la kumjibu mtu.

Utajuaje kama podikasti inaleta wateja? Idadi ya waliosikiliza itakupa kiburi au kukukatisha tamaa, na vyote viwili havisaidii. Wasikilizaji 150 wa Mabibo na Kijitonyama ni bora kuliko 5,000 waliotawanyika duniani. Kipimo kiko kaunta. Kwenye daftari la mapokezi ongeza safu moja: umetusikia wapi? Mpokezi aulize kila mtu, aandike jibu lilivyotoka mdomoni. "Shemeji alinitumia sauti." "Nilisikia mnasema bafu lina komeo." Baada ya miezi mitatu au minne, kaa usome zile safu. Utagundua kipindi ulichodhani ni cha maana hakikumleta mtu, na kile kilichorekodiwa haraka mvua ikinyesha kimeleta akina mama wa mtaa mzima wa pili. Pia hesabu waliosikia wakaja mara moja wasirudi, maana hao wana habari muhimu kuliko waliobaki.

Ndipo linapokuja lile ambalo hakuna sauti itakayolificha. Niliwahi kumfuata ndugu yangu kwenye jimu moja aliyoisikia ikisifiwa vizuri kwenye podikasti yake. Tumefika, kijana wa mapokezi yuko kwenye mechi ya mpira, hajainua macho. Yule mwalimu mwenye sauti ya asali hakuwa zamu. Komeo la bafu halikuwepo kwa sababu bafu lenyewe limefungwa. Ndugu yangu alicheka tu, tukaenda kula mishkaki. Podikasti ilimfikisha mlangoni haraka, na haraka hiyohiyo ikamwonyesha kwamba hapamfai. Kwa hiyo rekebisha bafu kwanza. Halafu panga zamu vizuri, ili sauti inayosikika kwenye kipindi iwe ukumbini saa zile ambazo wageni huja, jioni za Jumatatu na asubuhi za Jumamosi, mgeni akiingia asikie "Karibu mama, shikamoo," aseme moyoni, ndiye huyu.

Na hapo hapo pana mtego. Watu hawaipendi jimu, wanampenda mtu. Mwalimu wako akishajulikana, miezi sita baadaye anaweza kukuaga kwa heshima zote, akafungua ukumbi wake mitaa miwili mbele, na wasikilizaji wakamfuata. LaLanne hakuwa na shida hiyo. Jimu ilikuwa yake, mdomo wake, hata mbwa wake. Kwa mwenye jimu asiye msemaji, ushauri wangu ni kuweka sauti mbili tangu kipindi cha kwanza, mwalimu na mpokezi kwa mfano, au mwalimu wa kiume na wa kike, wakibadilishana. Jina la podikasti liwe la jimu, lisiwe la mtu. Na nywila za akaunti zote awe nazo mwenye jimu. Kisha muda wa kurekodi uhesabiwe kazini na ulipwe. Mwalimu anayefundisha tangu saa kumi na mbili asubuhi, halafu anaambiwa aingie stoo kutokwa jasho bila malipo kwa ajili ya kuitangaza kampuni, ameshaanza kutafuta chumba cha kupanga mitaa miwili mbele.